Baraza la Mawaziri Nyumbani Kwetu Kigera

Rais mpya alipoapishwa, mama yangu alikuwa anaishi kwangu Kigera, na kila siku alikuwa anataka kurudi kwake Butiama.

Kilichomleta ni jicho. La kushoto lilikuwa limeshakufa zamani. Hakuna aliyelihangaikia, sote tukasema ni uzee. Baadaye la kulia nalo likaingia mtoto wa jicho, mpaka mama akawa anamimina chai nje ya kikombe na kuisalimia nguzo ya umeme. Tukasikia madaktari wa macho watakuja Musoma kufanya upasuaji, na kwamba wakiondoka haijulikani watarudi lini. Nilimfuata mwenyewe Butiama. Jicho alilikubali, nyumba aliikataa. "Nikalale kwa mkwe?" aliniuliza. "Una akili wewe?"

Asiyetoka kwetu ataona ni jambo dogo. Kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume hawakai chumba kimoja, hawashikani mikono, hawali pamoja, hawasemeshani moja kwa moja. Siyo chuki, ni heshima, ila ni heshima inayochosha. Mume wangu ni mtu wa Bunda, mtoto wa wakulima wa pamba, mwalimu wa shule ya msingi anayefundisha watoto sayansi, lakini katika hili hana usomi wowote. Akisikia fimbo ya mama inagonga sementi, anatoka mbio kwa mlango wa mbele. Siku moja mama alitokea ghafla kona ya jiko, bwana yule akaruka ua wa michongoma na suruali ya kazini. Niliishona mimi.

Mama nilimpa chumba cha nyuma chenye mlango wake wa uani. Kimepakana na sebule, na ukuta wa hapo ni mwembamba, fundi alitudanganya. Mtu akipiga chafya huku, wa kule anasema pole. Au angesema, kama si mkwe.

Sasa Mungu naye ana utani. Hao watu wawili wasioruhusiwa kuongea ndio wapenda siasa wakubwa kuliko wote niliowahi kuwajua. Mama na redio yake ndogo kitandani, mume wangu na redio yake sebuleni, stesheni moja, sauti juu. Rais alipoapishwa, ikabaki swali moja tu: atamteua nani wapi. Na njia ya kulijadili ilikuwa mimi.

"Mwambie mume wako," mama angesema, "Kilimo asipewe mtu wa mjini."

Mume wangu amesikia kila neno. Lakini anakaa kimya ananitazama, mpaka nitoke kwenye cherehani yangu barazani, nisimame sebuleni na kusema: "Mama anasema Kilimo asipewe mtu wa mjini."

"Mwambie mama namuunga mkono. Apewe mtu aliyewahi kuona pamba inavyooza kwenye ghala kwa kukosa mnunuzi."

Nazunguka hadi uani. "Mama, anasema anakuunga mkono..."

"Nimesikia. Mwambie asijipendekeze."

Hapo naanza kulainisha. Narudi nasema, "Mama anashukuru." Na kule ukutani inagonga fimbo: "Sijasema hivyo! Mwambie kama nilivyosema!" Jamani. Sare za watoto wa watu zilikuwa zinanisubiri, shule zinakaribia kufunguliwa, na mimi nazunguka nyumba kama mjumbe wa Umoja wa Mataifa. Jioni miguu inawaka moto. Nilikuwa nawakasirikia wote wawili kwa usawa kabisa.

Lakini niliona faida yake. Siku ambazo redio haina habari, mama anafunga mzigo wake wa nguo, anasema kesho naenda kwangu. Siku ambazo kuna tetesi za uteuzi, mzigo unafunguliwa. Nikawa naomba rais asiharakishe. Awateue polepole tu, mpaka Jumatatu ya upasuaji.

Hakunisikia. Alilitangaza baraza lote Jumamosi mchana, mimi nikiwa sokoni kupeleka sare. Yaliyotokea nilisimuliwa na kila mmoja kwa upande wake, na kwa bahati nzuri hawakutofautiana.

Majina yakaanza kusomwa. Mjumbe hayupo. Mwanzoni walijizuia. Halafu mama akaanza kuongea na kuku aliyekuwa anadonoa pumba mlangoni kwake: "Wewe kuku, umesikia Fedha kapewa nani?" Sebuleni mume wangu akaijibu redio: "Redio, huyo ni mtu makini, mpe muda." Wakaenda hivyo, huyu na kuku wake, yule na redio yake, wizara hadi wizara, na naamini walikuwa wanafurahi sana. Ikafika Mifugo na Uvuvi. Amepewa mwanasheria.

Hapo mama akamsahau kuku. Hiyo ndiyo wizara yake. Amezaliwa kwenye zizi, ameolewa kwenye zizi, na kabla ya hapo alikuwa ameshalalamika siku nyingi kwa nini ng'ombe wamewekwa wizara moja na samaki, nani amewahi kuona ng'ombe anavuliwa. "Mwanasheria!" alipiga kelele. "Ng'ombe wanakwendaga mahakamani? Mtu hajui ugonjwa wa ndigana, hajui kupe, hajakanyagaga hata kinyesi! Kupe watatumalizia mifugo yote!"

Na mwalimu wangu, mtu mpole, anayeruka michongoma kwa heshima, akajibu kwa sauti moja kwa moja ukutani: "Hapana, mama, hapo umekosea. Kwani ng'ombe wenu waliibwa na kupe?"

Redio tu ndiyo iliendelea.

Lazima nieleze habari ya ng'ombe hao. Walikuwa wa baba. Wezi walivunja zizi wakawachukua wote, nyayo zikapotelea kwenye mawe, na kesi ikapotelea hukohuko. Baba hakumaliza mwaka. Nyumbani kwetu hatuwataji, hata tukichinja hatuwataji. Kwa hiyo mume wangu alifanya makosa mawili kwa pumzi moja: alimjibu mama mkwe mdomoni, na alimjibu kwa ng'ombe wale.

Niliporudi, nilimkuta mama ameketi getini juu ya mzigo wake, khanga imefunika uso mzima, fimbo mkononi.

"Niitie bodaboda," alisema.

"Mama, kuna nini?"

"Mkwe amenijibu. Niitie bodaboda."

Mume wangu nilimkuta nyuma ya choo, amekaa kwenye tofali. "Limenitoka," alisema. "Lilitoka kabla sijalikamata." Nilimpa maneno ambayo sitayaandika. Mwalimu mzima! Angemwacha mwanasheria wake atukanwe, mwanasheria angekufa? Halafu nikarudi getini, nikampa na mama maneno yake. Nilimwambia Jumatatu ni keshokutwa, akienda leo hakuna wa kumrudisha, na hilo jicho likifa atakuwa anaongozwa na mtoto mpaka chooni. Nililia kabisa, pale barabarani, majirani wakiangalia. Mama alisema, "Aibu inaua kuliko jicho." Hapo ndipo niliogopa kweli, kwa sababu namjua, hakuwa anatishia.

Kwetu aibu ya namna hiyo ina dawa yake. Mkwe anatoa mbuzi, na mtu mzima wa upande wa mama anakuja kumpokea, baada ya kusikiliza kosa. Mume wangu alishakimbia kwa jirani kutafuta mbuzi kabla sijamtuma. Mimi nikampigia mjomba, mdogo wake mama, anayeishi upande wa Nyegina. Mama akakubali kitu kimoja tu: atamsubiri mdogo wake, naye akifika, ampeleke Butiama.

Mjomba alifika jua bado lipo, na sato wawili kwenye mfuko. Yeye alihamia ziwani tangu ujana, akaoa huko, akawa mvuvi, jambo ambalo mama hajawahi kumsamehe. Tukaketi uani. Mume wangu sebuleni, mlango umefungwa, mbuzi kafungwa kwenye mpapai anapiga kelele. Desturi inataka kosa lisemwe lote jinsi lilivyotamkwa, bila kupunguza, ili mpokeaji alipime. Nikalisema. Mifugo na Uvuvi, mwanasheria, kupe, ng'ombe walioibwa. Sikulainisha hata kidogo, hata nilipofika kwenye ng'ombe.

Mjomba aliinamisha kichwa. Nikajua imekwisha, sasa atasimama abebe mzigo wa dada yake.

"Wizara umesema ya nini?" aliuliza.

"Mifugo na Uvuvi, mjomba."

"Na Uvuvi!" Alinyanyua kichwa. "Mnaona? Mmegombana mchana kutwa, ng'ombe, ng'ombe, kupe, kupe. Kuna mtu ametaja samaki hata mmoja? Hivi ndivyo tunavyofanyiwaga! Kila waziri akiteuliwa ni mtu wa ng'ombe, sisi wa ziwani tunaonana naye siku ya kutuchomea nyavu tu. Mwanasheria safi sana. Labda huyu atasoma sheria kabla ya kuwasha kiberiti."

Mama aliifunua khanga. "Wewe!" alisema. "Mtoto wa zizi wewe! Umekula samaki mpaka umesahau maziwa yaliyokukuza!"

"Maziwa siyo wizara, dada."

"Na samaki nao ni wizara? Wanajilea wenyewe humo majini, waziri atawafanyia nini, atawaogesha?"

Eh! Mimi nilibaki nimeshika shavu. Mjomba ni ndugu yake, hakuna ukuta wala mjumbe, na yote aliyokuwa ameyabana tangu aje Kigera aliyamwaga kwa mtu mwenye uso. Walikwenda Uvuvi, wakarudi Mifugo, wakapitia Afya na Elimu, wakamfukuza kazi mkuu wa wilaya mmoja ambaye hakuwa amehusika. Nilipika ugali, nikapika sato, wakala huku wanabishana. Bodaboda aliyemleta mjomba, ambaye ndiye angempeleka mama, alisubiri, akacheka, akaondoka zake.

Katikati ya yote, sebuleni mtu akakohoa.

"Mkwe," mjomba aliita, "na wewe unasemaje?"

"Mjomba, mimi nimekoma," sauti ilitoka nyuma ya mlango.

Mama alijizuia, mabega yakimtikisika, mpaka kicheko kikamshinda. Halafu kikaisha, akaipapasa fimbo yake.

"Ni kweli," alisema, tena taratibu. "Hawakuibwa na kupe." Akamgeukia mjomba. "Mpokee huyo mbuzi. Lakini mwambieni, mwanasheria bado sijamkubali."

Usiku huo mzigo ulirudi ndani.

Jumatatu nilimpeleka. Hospitali ilikuwa imejaa wazee kutoka kila kona, wengine wametoka Buhemba alfajiri, na mama aliwauliza wote wanamwonaje waziri mpya. Walimwingiza, wakamtoa amefungwa bandeji. Usiku ule nililala sakafuni karibu na kitanda chake na sikupata usingizi. Nilikuwa nawaza, kama wamechelewa je? Kama nimemleta kwa mkwe, nimemvunjia heshima yake, halafu iwe bure?

Asubuhi nesi akaifungua. Mama alipepesa, akakunja uso. Aliutazama mkono wake mwenyewe, akaugeuza huku na huku. Kisha akanitazama mimi.

"Umenenepa," alisema.

Nilipiga magoti hapohapo nikamshika miguu. Nesi alicheka akanivuta niinuke.

Mlango wa wodi ulikuwa wazi. Nje, kwenye majani, mtu alikuwa amesimama ametupa mgongo, ameshika chupa ya chai, jua linampiga kichwani. Mama alimwona.

"Yule mzee wa watu mbona amesimama juani hivyo? Mwiteni akae kivulini."

"Mama," nilisema, "ndiye mkweo."

Mara ya mwisho kumwona vizuri ilikuwa siku ya harusi yetu, kwa mbali, kijana mwembamba mwenye nywele nyeusi. Baada ya hapo ilikuwa heshima, kisha giza. Mama alikiangalia kisogo kile.

"Ana mvi," alisema. "Mbona hukuniambia ana mvi?"

Mkono wake ulikwenda kwenye khanga ajifunike uso, kama inavyotakiwa. Ukaishia begani.

"Asigeuke," aliniambia. "Ngoja kwanza nimwone."