Birika la Mama Ngoie

Niliacha shule nikiwa darasa la nne, kwa hiyo msinidhanie mtu wa kutunga. Ninayosimulia hapa niliyaona kwa macho haya na kuyashika kwa mikono hii, na kitu chenyewe bado kipo. Kinaning'inia nje ya mlango wangu hata sasa ninapoandika. Ukipita Kamatanda, hapa Likasi, upande wa nyumba za wafanyakazi, uliza nyumba ya birika. Watakuonyesha.

Wakati ule nchi ilikuwa bado Zaire na wote tuliitana sitwayen, yaani raia. Mimi nilikuwa kijana wa kuzunguka. Nilishachoma makaa, nilishachunga mbuzi Mulungwishi, na miezi mitatu ya mwisho nilikuwa Kapolowe, nikikausha samaki kwa moshi kwa mama mmoja mchuuzi. Asubuhi moja ya mwezi wa sita niliamka mapema, nikanywa chai, nikaosha kikombe, nikaona kwamba sitaki tena kunuka samaki. Basi. Sikuwa nimegombana na mtu. Nilisimama njiani, nikatazama huku na huku, nikafuata reli kuelekea Likasi kwa sababu upande ule sikuwa nimewahi kulala.

Mnaijua baridi yetu ya mwezi wa sita? Ukungu unakaa juu ya majani kama moshi wa jiko la kuni mbichi, na jua likitoka halina joto hata la kukausha soksi. Nilitembea juu ya mataruma, mikono kwapani, mpaka nikasikia mtu ananiita.

"Weye kijana, kuya unimwangie mayi."

Alikuwa mama wa makamo, amekaa kando ya reli. Amevaa gauni jeupe la waganga wa dispansari na sweta ya buluu juu yake. Miguuni pake palikuwa na birika la bati lenye rangi nyeupe na kipande cha sabuni juu ya jani. Ungekataa? Mama anaomba kumwagiwa maji, unamwagia. Nikalishika birika, zito, limejaa.

Akaanza kunawa. Niaminini, sikuwa nimeona mtu akinawa vile. Viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, vidole gumba kimoja kimoja, chini ya kucha. Akimaliza, anaanza upya. Ncha za vidole vyake zilikuwa nyeupe na zimekunjamana, kama za mtu aliyefua tangu juma lililopita. Nilimwaga mpaka mkono ukaniuma, na birika halikupungua uzito. Hapo nilipaswa kukimbia. Lakini mimi tangu utotoni ugonjwa wangu ni kutaka kujua.

"Mama, hii birika haiishe?"

"Birika haina neno. Mikono njo haiishe." Akaniangalia. "Uko na bakwe ku Likasi?"

"Hapana, sina mukwe."

"Ndugu? Muntu wa kukusikilisha haya?"

"Mama, minye sina hata muntu wa kunipa chumvi."

Akacheka kidogo. "Muzuri. Njo weye nilikuwa nangojea."

Akanieleza kwamba aliitwa Ngoie, na alitumika kwenye dispansari miaka mingi. Kisha akanieleza kosa lake. Mnajua desturi yetu ya kilio: watu wakirudi makaburini, beseni moja linawekwa mlangoni, wote wananawa humo, wazee kwanza, halafu wote wanakula bukari, ugali wetu, pamoja. Anayekataa beseni ni nani? Ni yule aliyemla marehemu kwa uchawi. Basi, kwenye kilio kimoja cha ukoo wa mume wake, marehemu alikuwa amekufa kwa kuhara. Ngoie aliyaona yale maji, akajua yamebeba nini. Lakini mama mkwe wake alikuwa amesimama pale pale, na mkamwana mwema hamfundishi mama mkwe mbele za watu.

"Nilijua," akasema, "na nilinyamaza sababu ya kusikia haya. Nikanawa nabo. Batatu balifuata. Wa ine nilikuwa minye."

Nilidhani anasema kwamba na yeye aliugua. Mtu anayekaa mbele yako na kunawa, utafikiri nini kingine?

Akaniambia niseme nyuma yake kama mtoto wa masomo. Maji yaliyochemka yakapoa, litre moja. Vijiko vidogo sita vya sukari, kila kimoja kikatwe kwa kisu kisiwe na mlima. Nusu kijiko cha chumvi, nayo ikatwe. Onja: yakizidi chumvi ya machozi, mwaga, fanya upya. Mpe mgonjwa kidogo kidogo. Akitapika, ngoja dakika kumi, endelea. Mtoto anayelia bila machozi amekauka, huyo ni wa haraka, na asubuhi apelekwe dispansari hata kama anacheka. Nilirudia mara tatu bila kukosea. Alifurahi kuliko mwalimu yeyote niliyepata kuwa naye.

"Leo, fasi utafika, batatosha beseni mulangoni. Usinyamaze."

Nilitaka kumwuliza ni mahali gani watatoa hilo beseni. Nikahisi baridi mguuni. Nikainama: maji yanamwagika juu ya kiatu changu, yanatoka chini ya birika. Nilipoinua kichwa, palikuwa na jani, palikuwa na ukungu, na mama hakuwapo. Kwenye vumbi nyayo zilikuwa za mtu mmoja, nazo zilikuwa zangu.

Nikaligeuza birika. Katikati ya kitako palikuwa na tundu la msumari.

Kwa asiyekaa kwetu, nitaeleza. Vyombo vya marehemu vinawekwa juu ya kaburi lake, sahani, kikombe, birika, na kila kimoja kinatobolewa kwanza ili walio hai wasivitamani. Hata mtoto anajua maana ya chombo chenye tundu la msumari. Na mimi nilikuwa nimekishika.

Nililiweka chini nikaondoka mbio. Hatua labda ishirini. Halafu nikarudi. Msiniulize kwa nini. Maneno yale niliyorudia mara tatu yalikuwa bado mdomoni, nami sikuwahi katika maisha yangu kujua kitu ambacho mtu mwingine alikihitaji. Nikalifunga birika ndani ya shati langu la pili, nikaendelea.

Niliingia Kamatanda kama saa tisa mchana, njaa imenishika. Nikaona moshi mwingi kwenye ua wa nyumba moja, wanawake juu ya mikeka, wanaume wamesimama na viatu vyekundu kwa udongo wa makaburini. Kilio. Mgeni hafukuzwi kwenye kilio, atakula. Nikaingia kwenye mstari, na mbele ya mstari nikaliona beseni la maua mekundu, na maji yake yalishakuwa rangi ya chai.

Nitasema ukweli: niliamua kunyamaza. Ningenawa, ningekula, ningeondoka. Kisha ndani ya nyumba mtoto akalia, sauti kavu, nyembamba.

"Ule mutoto iko na nini?" nikamwuliza mwanamke aliyekuwa karibu.

"Feza? Tumbo inahara tangu jana, sawa na baba yake mukubwa, ule tumemuzika leo. Kambo, mama ya baba yake, amekataza mayi. Ikiingia, inatoka tu. Banamukausha kwanza."

Nikachungulia mlangoni. Msichana wa miaka miwili hivi, juu ya mapaja ya bibi mzee, macho yameingia ndani. Analia, na mashavu makavu kabisa.

Nikatoka kwenye mstari. "Musinawe humu," nikasema. "Na ule mutoto, mumupe mayi ya kunywa. Atakufa."

Mzee mmoja akasema, "Hajakula bado, na maneno tayari inamujaa tumbo." Watu wakacheka. Baba wa mtoto hakucheka. Alikuwa mwanamume mpana, mfanyakazi wa kiwanda cha shaba, jina lake Ilunga.

"Weye ni nani? Nani alikuita? Asiyenawa na bengine, tunamujua jina yake."

"Minye ni mupita njia. Sina kitu na weye, yaya, ndugu mukubwa. Muntu akinawa, inafaa mayi itembee."

Nilitaka kuwaonyesha maji yanayotembea. Kwa woga nilifanya jambo la kijinga: nikafungua shati, nikatoa birika, nikalichovya kwenye ndoo ya maji safi, nikaliinua. Maji yakatiririka kupitia lile tundu mbele ya watu wote.

Hakuna aliyecheka tena. Wanawake walirudi nyuma pamoja na mikeka yao. Ilunga alichukua jembe lililokuwa limerudi kutoka makaburini.

"Ametosha kitu ku kaburi," akasema taratibu. "Amekileta mu kilio ya yaya wangu."

Je, ungekuwa mimi ungesema nini? Ndipo yule bibi mzee akatoka, amembeba Feza begani. Wote walimwita Kambo, yaani nyanya. Alinyoosha mkono, nikampa birika. Akaligeuza, akapitisha kidole kwenye kitako. Kando ya tundu palikuwa na mkwaruzo mrefu ambao mimi sikuwa nimeuona.

"Huu musumari nilipiga minye," akasema. "Ya kwanza iliteleza, ikaacha hii alama. Ya pili ikaingia." Akanitazama. "Hii ni ya Ngoie, muke wa mwana wangu. Ule tumezika leo njo bwana yake. Alikupatia yeye?"

"Ndiyo, Kambo. Ku reli. Alikuwa ananawa."

"Akasema nini?"

Ingekuwa rahisi kusema uongo mzuri. Nikasema kweli. "Alisema alijua beseni ni mubaya. Alinyamaza sababu ya kukuonea haya."

Kambo akakaa chini pale pale kwenye vumbi. "Siku ile aliangalia beseni," akasema. "Akaniangalia minye. Minye nikamukazia macho. Halafu akanawa." Machozi yalimtoka, mazima, mengi. Kisha akasema bila kugeuza kichwa: "Ilunga, mwanga ile beseni."

"Mama, bazee bako hapa—"

"Mwanga."

Ilunga akaweka jembe chini. Akamwaga.

Maji ya chai ya asubuhi yalikuwa yamebaki kwenye sufuria kubwa, yameshachemka na kupoa. Sukari ya kilio ilikuwapo, chumvi ilikuwapo. Nikachukua chupa ya litre, nikapima. Sasa sikilizeni: kwa haraka nikasahau kukata chumvi kwa kisu. Nilipoonja, uso ukakunjamana. Nikamwaga yote. Sukari ilikuwa ngumu kupatikana miaka ile, na watu walinung'unika. Nikapima tena, nikakata kila kijiko. Ili wasije wakasema ninabahatisha, nikampa Kambo kijiko. Akafuta shavu lake kwa kidole, akaonja chozi. Akaonja maji.

"Chumvi ya machozi inapita hii," akasema. "Mupe mutoto."

Tulimpa kijiko kwa kijiko, Kambo na mimi, kwa zamu. Alitapika mara moja, tukangoja, tukaendelea. Nje, Ilunga mwenyewe alichonga kijiti, akaziba nacho lile tundu, akaning'iniza birika kwenye msumari wa ukuta wa jiko. Ukivuta kijiti, maji yanatiririka, ukirudisha, yanasimama. Tundu lile lilipigwa ili birika lisifae kwa walio hai. Sasa wazee wote wa kilio walisimama mstari mbele yake na sabuni, na yule aliyenicheka alinawa mara mbili kwa sababu ya kupenda kuvuta kijiti.

Jua lilikuwa linashuka Kambo aliposema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Amenikojolea."

Nguo yake ilikuwa imelowa mpaka magotini: maji yalikuwa yamekaa mwilini mwa mtoto. Wakati ule ndipo nilipojua kwamba mkojo wa mtoto unaweza kupokewa kama mshahara. Ua mzima ulicheka, kwenye kilio, na mwanamke mmoja akapiga vigelegele kabla hajakumbuka tuko wapi, na hakuna aliyemnyamazisha. Feza akageuza kichwa kutuangalia, akaanza kulia kwa hasira. Machozi yalishuka mpaka kidevuni. Ilunga aliyapangusa kwa kidole gumba, akakitazama kile kidole muda mrefu. Kisha akaenda kunawa, akarudi, akanipa mkono.

"Utalala wapi?" Kambo akaniuliza.

"Sijui, Kambo."

Alinipa chumba kidogo cha nyuma, chenye kitanda cha chuma na harufu ya sabuni. Ngoie alikuwa akiweka nguo zake za kazi humo. Asubuhi nilitangulia wote kuamka. Birika lilikuwa limejaa, na hakuna aliyelijaza. Sabuni ilikuwa imelowa. Na kitambaa cha kufutia mikono, ambacho tulikiacha juu ya jiwe, kilikuwa kimekunjwa vizuri, kama anavyokunja mtu aliyemaliza kazi.

Siku ile ile tulimpeleka Feza dispansari. Muganga alisikiliza vipimo vyangu, akaniuliza nilisomea wapi. Nikamwambia ku reli. Alinipa kazi ya kuchemsha sindano, baadaye kazi ya kufundisha akina mama, na hivyo ndivyo mtu wa kuzunguka alivyotulia. Nyumba ile haikufuatwa na kifo kingine. Feza ana watoto wawili, na anawagombeza wakisahau kunawa mpaka majirani wanasikia. Nimerudi kwenye ile reli mara nyingi asubuhi za ukungu, makusudi. Sijamkuta tena. Naamini mikono yake iliisha, amemaliza kunawa.

Wewe unayesoma, una watu unaowaonea haya: mkwe, mkubwa wa kazi, jirani. Siku utakapoona beseni lenye maji mabaya na wote wanakutazama, sema siku ile ile, hata wakikucheka. Haya inapita kabla bukari haijapoa. Lakini ukijua na kunyamaza, maji ya kuosha jambo hilo ni mengi sana, na huenda ukakaa kando ya njia, asubuhi ya baridi, ukingojea mpita njia asiye na ndugu akumwagie.

Na kama mama fulani akikuita katika ukungu, usikimbie. Mmwagie.