Wimbo wa Tano wa Tindo

Sikuota, na wala sikuwa na homa. Mjukuu wangu Mercy anasema ni uzee. Sawa, lakini uzee unaunguza stuli ya mbao? Njoo Kariobangi uitazame. Iko hapa mlangoni, nimeigeuza miguu juu.

Unamjua Tindo, yule rapa. Siku hizi ana mvi, lakini mimi namjua tangu akiitwa Mutinda, mtoto wa Mzee Kilonzo mchonga vinyago. Tulipanga ploti moja mtaa wa Baba Dogo, akija kwangu kuomba uji. Alipotoa albamu mpya baada ya kimya kirefu, Mercy aliniwekea kwenye redio yangu ndogo. Nikakaa mchana mmoja wa mvua nakata sukuma wiki, nasikiliza.

Wimbo wa kwanza ni majigambo. Eti yeye simba. Simba gani, nami nilimpangusa kamasi? Wa pili anawasuta wanasiasa. Huo ni mzuri, ila ngoma inameza maneno.

Hapo akaingia kijana, kofia imeshuka machoni. "Mama Rosa, nijikinge mvua kidogo?"

Nikamwonyesha stuli. Niamini, hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Rosa wangu nilimzika zamani, na tangu siku hiyo mtaa mzima huniita Shosho, yaani bibi. Huyu alikuwa nani? Sura niliijua. Jina likakataa kuja, na mimi najua mpaka majina ya mbwa wa ploti hii.

Wimbo wa tatu ni wa mapenzi. "Huu amejaribu," kijana akasema.

"Sauti imekwaruza," nikamwambia.

"Hiyo ni sigara, Mama Rosa. Alianza akiwa darasa la sita, nyuma ya choo chenu."

Tukacheka. Wa nne ni kelele tupu, tulikubaliana.

Ukaanza wa tano. Tindo anasimulia mwizi aliyeuawa na umati kule Baba Dogo, na jinsi yeye alivyowasihi watu wamwache. Kijana akavua kofia, akaiweka magotini kama mtu aliyekaa kwa kinyozi.

Tindo akaimba jiwe la kwanza. Jicho la kijana likapasuka. Hakuna mkono uliomgusa, unanielewa? Akaimba rungu, nikasikia mfupa ukivunjika kama kuni kavu. Meno yakaanguka kwenye sukuma yangu. Nikanyoosha mkono nizime redio.

"Usizime," akasema, mdomo umejaa damu. "Ukizima hapo nabaki hapo hapo, rungu likiwa juu. Wengi huzima."

Ungefanya nini? Nikaacha. Alipigwa mbele yangu mpaka wimbo ukaisha, na mwishoni moshi ukamtoka kwenye shati. Nyumba ikanuka mpira.

"Anasema alinitetea," akasema. "Ni yeye aliyeviringisha tairi la kunichomea kutoka gereji. Kila wakiucheza napigwa upya, Mama Rosa. Na mtaa mzima unaucheza."

"Nikusaidie nini, mwanangu?"

"Niite jina langu."

Kwetu magharibi, mtoto hapewi jina la aliyeuawa kama mwizi, na jina lisiloitwa hukauka midomoni mwa watu. Hata mdomoni mwangu lilikuwa limekauka.

Ukafuata wimbo wa mwisho, Tindo anawataja marehemu wa ploti yetu ya zamani. Otieno kipa. Kamau wa baiskeli. Mwende fundi wa nguo. Nikamfuata kwa mawazo mlango kwa mlango, na kati ya Kamau na Mwende nikaona mlango mmoja ameuruka. Mlango wa bluu. Nafula yuko ndani anasonga ugali wa mtama, na mwanawe anatoka na chupa mkononi.

"Barasa," nikasema. "Barasa mwana wa Nafula. Hukuiba. Mama yako alikutuma mafuta taa."

Jicho likajifumba, likafumbuka likiwa zima. Akavaa kofia, akatoka mvuani. Stuli ilikuwa inafuka moshi.

Tindo alipopita kunisalimu, nilimuuliza habari za tairi. Wimbo wenyewe hauna tairi popote, usikilize. Chai ikammwagikia kwenye suruali.

"Shosho, nani amekuambia?"

"Barasa."

Aliondoka bila kuaga. Wimbo hajaubadilisha mpaka leo.

Sasa wimbo huo unapita barabarani mchana kutwa, kwenye magari, kwenye simu za watoto. Nikiusikia naacha kazi, nangoja uishe, naita jina. Watoto wananicheka. Sukuma wiki sijala tena.

Wewe ukiucheza, na mgeni akaomba kujikinga mvua, mpe kiti cha chuma. Usizime katikati, hata ukiona nini. Ukiisha mwite, Barasa mwana wa Nafula. Usipomwita hataondoka. Atakaa hapo kwako, kofia magotini, akingoja uucheze tena.