Nilijibu Maswali ya Mimba ya Mpwa Wangu, Nikapewa Hongera Zote

Admin, jina langu libaki hukohuko kwako, maana mimi huku Kikwe nikikohoa tu watu wanajua nani kakohoa. Nina miaka 53, mke mmoja, watoto watano, ng'ombe wanne wa maziwa. Shule niliishia la saba, lakini kuna wenye digrii wanakuja kuniuliza mambo. Mwaka wa ile mvua kubwa nilimzalisha ng'ombe mapacha, mkono mmoja nimeshika mwavuli, na alipomaliza akanilamba shavu kama ananishukuru. Sijisifu. Nataka mjue anayewaandikia ni mtu wa aina gani.

Dada yangu alifariki akaniachia binti yake, nikamlea mpaka akaolewa hapahapa jirani. Mume wake ni mlinzi Njiro, anarudi mwisho wa mwezi. Alipopata mimba ya kwanza, kliniki wakamwambia kuna masomo ya wajawazito yanatumwa bure kwenye simu. Yeye ana kitochi, mimi nina simu ya kupangusa, tukaandikisha namba yangu. Kila wiki linakuja somo la video na swali chini yake, unabonyeza moja au mbili. Umekula mboga za majani? Nabonyeza moja, wanaandika, "Hongera mama!" Ndugu zangu, shuleni sikuwahi kupewa hongera hata siku moja. Nikawa najibu mwenyewe bila kumuuliza. Pale duka la nyama wakaanza kuniita Dokta, na mimi nikaitika.

Mimba ilipoingia mwezi wa tisa, akatoka kliniki akaja moja kwa moja kwangu.

"Shikamoo mjomba. Nesi amesema mtoto amekaa, hajageuka. Nirudi wiki ijayo nichukue barua ya kwenda hospitali ya mjini. Kwenye masomo wanasemaje?"

Siku hiyohiyo swali lilikuwa limeingia. Mtoto ametanguliza nini? Moja kichwa, mbili matako. Wakaandika kwamba ukibonyeza mbili watakupigia, wakueleze njia za kujifungua, uchague ukiwa unajua. Yeye alishachagua. Alisema zile video zimemtoa hofu, kama mtoto hajageuka apasuliwe tu. Mimi nikawaza ukoo wetu, hakuna mwanamke wetu aliyewahi kuguswa na kisu. Nikawaza na pale duka la nyama watasemaje. Nikabonyeza moja. Hongera ikaja. Nikamwambia, "Wamesema usirudi, usubiri nyumbani, atageuka mwenyewe. Hata ndama hugeuka siku ya mwisho."

Hakurudi.

Uchungu ulimshika asubuhi akichuma maharage. Mke wangu alipomfikia, miguu ya mtoto ilishatoka. Mimi wa mapacha na mwavuli nilisimama nje nimeshikilia uzio. Tulipata gari la jirani tukafika kituo cha afya, lakini kichwa kilikuwa kimekwama muda mrefu. Alikuwa wa kiume. Hakulia. Yule nesi wa kliniki akamuuliza mpwa wangu kwa nini hakufuata barua, akajibu kwamba masomo ya kwenye simu yalimwambia asubiri. Nesi akanigeukia mimi. Nikasema ndiyo, hao wa mitandaoni ni matapeli.

Maneno yangu hayo yametembea kuliko mimi. Wanawake wawili wa hapa jirani wenye mimba wamejitoa kwenye masomo.

Sasa wiki iliyopita mpwa wangu amekuja na mkungu wa ndizi, akakaa akaniambia, "Mjomba, nina mimba nyingine. Safari hii sitaki simu wala kliniki, wale walinidanganya. Nitakusikiliza wewe tu." Nikaupokea mkungu nikauweka chini. Nikimwambia ukweli, nimempoteza mtoto pekee niliyeachiwa na dada yangu. Nikinyamaza, sijui nitamwambia nini tumbo likikua. Hata nikimwambia aende kliniki anacheka, anasema mjomba umesahau walivyotufanya.

Na wale wa masomo sikuwahi kuwaambia kwamba mtoto hayupo. Sijui pa kubonyeza. Wanaendelea kutuma, wao wanajua anakua. Jana wameandika: "Mama, mwanao ametimiza miezi saba. Je, ameshaanza kukaa mwenyewe? Moja ndiyo, mbili hapana."

Nyie mliosoma, nishaurini. Nibonyeze nini?