Mashuka ya Honorine

Kila asubuhi yule mchoraji Mmarekani, aliyevuka bahari kuja Ufaransa kuchora kijiji chetu, hurudi kinyumenyume huku amefumba jicho moja, mpaka kisigino kiingie kijitoni. Brashi huifutia kwenye suruali. Kifaransa hukitafuna kama mkate mkavu. "Leo atazama na turubai lake," husema Honorine, na wafuaji wenzake huangua kicheko. Ila leo Honorine kachungulia lile turubai, na kicheko kimemkauka: mashuka yake aliyoanika yamechorwa zambarau.

"Bwana, mimi nafulia hoteli nzima. Wakiyaona haya watasema sijui kufua, wanifukuze. Yapake rangi nyeupe."

Mchoraji hakubisha. Alimpa brashi yenye rangi nyeupe, akampisha. "Yapake mwenyewe, mama. Lakini kwanza yaangalie."

Honorine akayaangalia mashuka kwenye kamba, kivulini mwa mtufaha. Akafumba jicho moja, akalifumbua, akafumba la pili. Akarudi nyuma taratibu mpaka maji yakamwingia kiatuni, na safari hii hakuna aliyecheka. Kweli, pale kivulini mashuka yalionekana ya zambarau. Akamrudishia mchoraji brashi bila kuitumia. Kisha akayaanua mashuka yote, akayatumbukiza kijitoni, akaanza kuyafua upya.