Samaki Aliyeacha Kula

Tangu utotoni nina ugonjwa mmoja usio na dawa: kuuliza. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiniambia kwamba pua yangu itafika kaburini kabla yangu. Nimesomesha jiografia miaka na miaka, nimestaafu, na pua iko palepale. Kwa hiyo binti mmoja mtaalamu wa samaki alipofika Munje akitafuta mtu wa kumtembeza mtoni, mtu ajuaye Kidigo na asiyechoka upesi, majirani hawakumaliza hata kufikiri. Walimleta moja kwa moja mlangoni kwangu.

Binti mwenyewe ni wa bara, amepanga chumba Ukunda, na Kiswahili chake kilikuwa kikirukaruka kama mbuzi aliyekatiwa kamba. Lakini adabu alikuwa nayo. Alinipa shikamoo yake kamili, akakaa, akanywa chai, ndipo akaeleza lililomleta. Alitaka kuukagua mto wetu kuanzia unapoingia baharini hadi juu kabisa nyikani, aone ni vitu gani vinawazuia samaki kupanda na kushuka. Ruhusa alikwisha kuifuata kwenye ofisi za serikali Matuga. Nikamuuliza, samaki wapande kwenda wapi? Si wanakaa tu majini humo humo?

Akacheka, akaniuliza kama nimewahi kula mkunga wa mtoni, yule samaki mrefu mwenye umbo la nyoka. Nikamwambia nimemla sana, wa nazi, na mchuzi nikaumalizia kwa mkate wa kumimina. Basi huyo, akasema, hazaliwi mtoni. Huzaliwa mbali baharini, kwenye kina kisichofikiwa na mtu, akaletwa na mikondo akiwa mdogo na mwangavu, mwili wake unapenywa na mwanga kama kioo. Huingia mtoni, hupanda, hukaa huko juu miaka mingi hadi awe mkubwa wa kutisha. Kisha siku yake ikifika hushuka, hurudi baharini, huzaa mara moja tu, na hukohuko hufa.

Nilimkazia macho nikidhani ananitania. Mimi nimezaliwa hapa mdomoni mwa mto, mikunga nimewala sijui wangapi, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kitoweo changu kilikuwa msafiri. Nilikasirika kidogo, hata sijui nilimkasirikia nani. Kesho yake alfajiri nilikuwa nimevaa viatu vya mpira, namsubiri yeye.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kwa magoti. Kila palipo na daraja, bwawa au kivuko, tulisimama. Binti alichomeka ufito kupima kina, akaangusha jani juu ya maji aone mbio za mkondo, kisha akapima maji yanaangukia umbali gani. Mimi kazi yangu ilikuwa kuwasemesha watu, lakini nilijiongezea nyingine. Kila tulipofika nilijifanya mkunga mchanga, mwembamba kama utambi, natoka baharini na njaa yangu, nikajiuliza: hapa mimi napita?

Palipo na mikoko nilipita bila taabu. Palipo na mawe nilipita, maana binti aliniambia watoto hawa hupanda hata juu ya jiwe mradi liwe na unyevu na ukwaru wa kushikilia. Tukafika kwenye barabara ya murramu, mto unapita chini yake kwenye kalavati, lile bomba kubwa la zege. Miaka ya mafuriko ilikuwa imeila ardhi upande wa chini hadi mdomo wa bomba ukabaki unaning'inia hewani, usawa wa kiuno changu, na maji yanamwagika kutoka juu kama ya bombani. Nikainama, nikachungulia, leso ikalowa. Nilikwama. Aliyejenga pale aliwafikiria wenye magurudumu, wenye mapezi hakuwaona. Jamani, nilisimama pale na hasira za samaki.

Binti akasema kwingineko huning'iniza kamba ndani ya bomba hadi majini chini, watoto wakapanda juu yake. Nikamuuliza kamba gani, akasema yoyote yenye manyoya mengi. Hapo nilicheka peke yangu. Msambweni kuna wanawake wanaofukia makumbi ya nazi kwenye matope mpaka yaoze, wakayapondaponda na kusokota kamba za usumba zilizo na ukwaru wa kukuchubua viganja. Kamba hiyo ikilowa haikauki upesi. Hata mimi, kwa mwili wangu huu, ningeipanda.

Juu zaidi tulimkuta mkulima, mhamiaji wa bara, amepanga magunia ya mchanga mto mzima ili maji yainuke yafike kwenye pampu yake ya mboga. Alipotuona na ufito wetu alijua tumekuja kumfukuza. Mimi nilikwisha kunoa ulimi, lakini binti alimsalimu kwa lugha yao, wakazungumza mvua na kwao, na mwisho mwenyewe akavuta magunia ya pembeni, maji yakapata upenyo. Nikabaki na maneno yangu mdomoni, nikayameza.

Siku zilizofuata tuliingia nyikani, kwa wafuga ng'ombe na mbuzi, ambako mto unabaki vidimbwi na mchanga. Kidigo chetu na Kiduruma chao ni ndugu, tulielewana. Huko kulikuwa na kisima cha mwambani kilichonywesha kijiji kizima, na mama mmoja aliyekitunza, aliyerithi kazi hiyo kwa mama mkwe wake. Alikuwa mtu mzima kunishinda, mwembamba, hana mchezo. Sabuni marufuku, ng'ombe wakanywee chini. Na mgeni, kabla hajachota, avue viatu, apige maji kidogo kwa kiganja na kupiga hodi, kwa sababu kisima kina mwenyeji.

Nikavua, nikapiga maji, nikapiga hodi. Mwenyeji ni nani? Mama akanionyesha kwa kidevu. Chini ya mwamba, upande maji yanapotokea kwenda mtoni, palikuwa na mkunga mmoja mnene kama mkono wangu wa juu. Nilishika kifua. Toka kisimani pale hadi baharini ni mwendo wa siku, na yule aliupanda akiwa utambi, kabla kalavati halijaanza kuning'inia.

Tulipokaa, mama akatueleza hali yake bila kuficha. Mwenyeji anapokuwapo, maji yapo. Alipokuwa bibi harusi, wachunga mifugo walimchoma kwa mkuki mkunga wa kisima cha jirani, na kiangazi hichohicho kisima kile kikageuka tope. Yeye akaapa cha kwake hakitapotea. Akawakusanya wanawe, wakajenga ukingo wa mawe na saruji mahali maji yanapotokea, wakatia waya wa chekeche, ule wa kuchekechea mchanga, ili mafuriko yasije yakamchukua. Alimlisha matumbo ya kuku na makombo ya sima, na kila alipopiga maji, alikuja.

Sasa alikuwa ameacha kula. Mwezi mzima chakula kinaoza pale. Anakaa wayani tu, kichwa kimeegemea. Maji nayo yalikuwa yameshuka kuliko kawaida, na watu walianza kusema kwamba mtunzaji amemchukiza mwenyeji, mkono wake umechafuka, atafutwe mwanamke mwingine. Alisema haya akitazama maji, sauti imenyooka, lakini vidole vilikuwa vinafumbata pindo la leso. Kazi ile ndiyo ilikuwa jina lake pale. Akinyang'anywa, angebaki kikongwe mmoja tu kwenye boma la wanawe.

Binti alilala kifudifudi juu ya mwamba akamtazama mkunga kwa muda mrefu. Alipoinuka hakuwa na ule uchangamfu wake. Aliniambia polepole: macho yamekuwa makubwa, tumbo limegeuka rangi ya fedha. Mikunga huwa hivyo wakiwa tayari kwa safari, na wakiwa hivyo hawali tena. Nikamgeukia mama nikatafsiri.

"Hajakukasirikia, mama. Anataka kwenda."

"Kwenda wapi? Hapa ndipo kwake."

Tukamweleza ya baharini. Nilitazamia akatae, lakini alisikiliza kwa udadisi uliofanana na wangu, akauliza maswali ambayo mimi sikuwa nimeyafikiria. Njia anaijuaje, na alikuja mdogo? Anazaa na nani? Binti alijibu aliyoyajua, na asiyoyajua alisema hayajui. Hata habari ya maji hakuibeza. Alisema kinachoshikilia maji ya kisima yeye si mtaalamu wacho, pengine ni miti ile ya juu, pengine ni mengine, yeye anamjua samaki tu. Mama akauliza kama akienda atarudi. Binti akasema hapana. Akauliza kama watakuja wengine. Binti akasema watakuja, si lazima wawe wanawe, bahari huwachanganya wote, lakini watakuja kukiwa na njia.

Mama akatazama ukingo wake, ule waya ulioziba kwa majani na tope.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema. "Na mimi ndiye niliyewafungia mlango."

Nilidhani angeufungua palepale. Wapi. Alisimama, akakung'uta leso, akatuambia twende zetu, atafikiri. Njia nzima ya kushuka nilinung'unika. Ukaidi gani huu, samaki anakufa mbele ya macho yake! Binti aliniacha nimalize, kisha akaniambia, mwalimu, tumemwomba atoe kitu kinachompa jina kwao, na sisi tunarudi nyumbani hatujatoa chochote. Nikauchukua ufito wake, nikaubeba mpaka barabarani.

Tukaendelea na mengine. Wanawake wa Msambweni walisokota kamba nene za usumba, vijana wakazifunga kalavatini, na watu wa malori wakasimama kutuuliza tunaanika nini. Kisha mvua zikaanza, na siku moja simu yangu ikalia kwa namba nisiyoijua. Alikuwa yule mama, ameazima simu ya jirani.

Alikuwa ameukata waya, kwa mkono wake, mchana kweupe, watu wakiwa wamekuja kuchota, ili asije mtu akasema alimwiba mwenyeji. Wapo waliolia, na mmoja aliitupa ndoo yake akaondoka. Aling'oa na mawe ya katikati. Mkunga hakusogea. Mama akadhani tulimdanganya. Lakini mvua ikanyesha nguvu, kisima kikafurika na kuungana na mto, na asubuhi alipopiga maji hakuja. Alipiga tena. Aliniambia hayo, kisha akauliza hali za watoto wangu, kama kawaida ya simu, tukaagana.

Kiangazi kilichofuata kilikuwa kirefu. Nilizoea kumpigia kupitia kwa jirani yake, nami nikawa naogopa kuuliza, mimi niliyezaliwa na swali mdomoni. Maji yalishuka. Watu waliacha kukaa naye hata msibani, mkeka mzima akaukalia peke yake. Maji yakashuka tena mpaka mchotaji akawa anapiga magoti. Wakamtafuta hata mwanamke wa kushika nafasi yake, wakawa wanasubiri tu kisima kikauke ili neno liwe moja. Hakikukauka. Sababu siijui, na binti naye alikataa kubuni. Mikunga wachanga hawajaonekana bado huko juu, ingawa kwenye kamba za kalavati tumewaona, wembamba, wanapanda kwa matumbo, na siku hiyo nilipiga kelele mtoni kama mwendawazimu.

Mvua zilipokaribia kurudi, mama alikuja Munje. Alishuka garini na kifurushi cha pojo, akanipa, akasema anataka kupaona mahali mto unapoishia. Umri wote ule hakuwahi kuiona bahari. Nilimpeleka maji yakiwa yamejaa. Alisimama akatazama, nami nikajifanya nafunga kiatu.

Kisha akainama, akachota kwa kiganja, akaonja, akatema. Alinigeukia na uso wa mtu aliyedhulumiwa. Amesikia maisha yake yote kwamba bahari ina chumvi, lakini hakujua ni chumvi ya namna hii.

"Miaka yote nimemnywesha maji matamu," akasema, "halafu nikamfungulia aje kunywa haya?"

Nikaanza kumkumbusha ya binti, kwamba huku ndiko alikozaliwa, kwamba ameyazoea kabla ya kuyazoea ya kwetu. Hakunisikiliza. Alikunja leso juu ya magoti, akaingia hadi mawimbi yakamlowesha mapaja, akainama akasema na maji kwa Kiduruma, taratibu, sauti ya mzazi anayeongea na mtoto aliye mbali. Alimwambia kisima hakijakauka. Alimwambia aende zake salama, asije akageuka nyuma kwa ajili yake.