Mara Sita Inaanza na Nane

Sisi tuliokua Uvira miaka ile ya uhuru, michezo yetu haikuhitaji betri. Tulikuwa na ziwa, mchanga, na ndagala za Mama, yaani dagaa, zilizoanikwa ufukweni, ambazo tulitakiwa kuzilinda zisiliwe na ndege. Tena tulikuwa na namba! Ndiyo, namba, na msinicheke.

Dada yetu mkubwa, Feza, aliitoa shuleni: 142857. Akaiandika mchangani kwa kijiti, akaizidisha mara mbili: 285714. Mara tatu: 428571. Tuliruka kwa furaha! Tarakimu ni zilezile, zinafuatana vilevile, ila inayotangulia ndiyo inayobadilika. Basi sisi watoto sita tukagawana tarakimu, kila mmoja yake, tukashikana mikono mviringo. Feza alikuwa moja, mimi nne, na kitindamimba wetu Bahati alikuwa nane, akijivuna kama aliyepewa uchifu. Ikiitwa "mara tano!", saba anaanza, wengine wanafuata mbio. Ukichelewa, unachekwa mpaka jioni. Mara saba tuliiogopa: inatoa 999999, sote tunapotea! Mama alikuwa akitukaripia, "Batoto, makelele ya nini? Ndege zinamaliza ndagala!"

Kisha uasi ukafika. Shule ikafungwa, tukapanda milima kuelekea Bijombo: watu, mbuzi, magodoro, ng'ombe wa wafugaji, wote njia moja. Huko juu ukungu ukashuka, mzito, hata aliye mbele yako humwoni. Mama akageuka. Bahati hayupo.

"Bahati! Weye iko wapi?"

Wakaitika akina Bahati kila upande, maana kwetu jina hilo halikosi nyumba, na hakuna aliyekuwa wetu. Mimi nililia waziwazi. Ndipo Feza akapaza sauti: "Mara sita!"

Akarudia. Halafu, mbali, katikati ya ng'ombe, sauti nyembamba: "Nane!"

"Tano!" "Saba!" ndugu zangu wakadakia. "Moja!" akajibu Feza. "Nne!" nikapiga ukelele. "Mbili!" Tukaanza tena, na tena, naye akiifuata sauti yetu, mpaka akatokea kwenye ukungu midomo imejaa maziwa, ameshikwa mkono na mama mmoja mfugaji. Furaha gani ile! Mama akakaa chini palepale njiani, akacheka huku analia. Kisha akasema, "Museme tena, bote, miye nisikie."

Juzi nimewaonyesha wajukuu namba ile. Wakachomoa simu, jibu likatoka kabla sijamaliza kusema. "Koko, iko kweli," wakaniambia, wakarudi kwenye video zao. Wajanja hao, waulize saba mara nane bila simu uone watakavyokodoa macho! Nilitaka kuwasimulia namba ile ilitufaa nini. Nikawatazama mkekani, wamebanana, wanachekeana, hakuna anayekosekana. Nikaiacha hadithi, nikaketi kando yao.