Nyumba Iliyotazama Mlima

Niliiona nyumba yetu kwenye simu ya dalali, nikiwa nakaanga dagaa pale Rusimbi ninapouza chakula. Alikuwa anakula ugali wa muhogo kwa mkono wa kulia, wa kushoto unapitisha picha, nami nimeinama kumwongezea mchuzi. Nikaona jiwe. Utasema mtu anawezaje kulijua jiwe, lakini lile lililo mbele ya mlango nimelikalia utoto wangu wote nikipasua mise, zile kokwa ngumu za mchikichi, na lina shimo tulilolichimba wenyewe kwa kugonga kila siku. Sasa walikuwa wameliwekea chungu cha maua.

"Hiyo nyumba iko wapi?" nikauliza, kama sijui.

"Kule mlimani, mama, ukishaipita Ujiji. Nyumba ya kale ya shambani, imekarabatiwa, inauzwa. Wazungu huko kwao wanazigombania hizi. Wanaacha nyumba za vioo mjini, wanakwenda kulala kwenye za mawe na udongo. Na watu wa Dar wameshaambukizwa."

"Ile ni ya kwetu."

Akacheka mpaka ugali ukampalia. "Basi na bandari ni ya kwetu, mama mkubwa. Ongeza dagaa."

Nilimwongezea dagaa. Alipokuja siku nyingine akanikuta na neno moja tu, kwamba kama mwenye nyumba anataka mtu wa kulala pale, afagie, afungue madirisha, mnunuzi asije akakuta popo, basi mtu huyo ni mimi. Dalali akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Akasema mtu anahitajika kweli, na mnunuzi akimpenda huwa anambakisha. Hilo ndilo nililokuwa nalitaka, nakwambia bila kuzungukazunguka. Sina mume, watoto sikujaaliwa, chumba changu ni cha kupanga. Nilitaka kuzeekea pale, hata kama ni kwa kufagia sakafu ya mtu mwingine.

"Sharti moja," akasema. "Wateja usiwape habari zako za msiba. Wanakuja kutafuta upepo, hawakuja matangani."

Nikapanda. Michikichi ipo bado, mingine imezeeka hadi imeota nyasi kiunoni kama wazee wa ngoma. Harufu ndiyo iliyokuwa haipo. Wakati wetu, ukifika pale kwenye kona ya mwisho, pua ilikuwa inatangulia kufika nyumbani: chikichi zinachemka kwenye pipa, moshi wa makumbi, mawese mapya yanapanda juu ya maji, mekundu, mazito, yana harufu tamu inayokaa kwenye nguo hadi shuleni. Wenzangu walikuwa wananiita Mawese. Mwalimu naye, siku akiwa na furaha, aliniita hivyo hivyo.

Kazi yetu watoto ilikuwa kuuzungusha mtambo wa kukamulia. Ni mti mrefu unaousukuma ukizunguka, kama punda, na bibi amekaa pembeni anatuimbia kwa lugha ya kwao ng'ambo, nyimbo ambazo hakututafsiria hata moja. Mama alikuwa anaengua mafuta. Walikuwa mtu na mama mkwe wake, lakini hujapata kuona watu wanaoelewana kwa maneno machache vile. "Moto." "Umepungua." "Chumvi." "Ipo." Jioni ilikuwa maharage kwa mawese, na siku za heri samaki wetu wa ziwani, mgebuka mkavu uliolowekwa, na bibi anatugawia vichwa kwa zamu, kwa kuwa kichwa cha mgebuka kina utamu wake na kilikuwa kinaleta vita.

Baba simjui vizuri. Alikwenda kutafuta kazi, kazi ikampata, ikamla.

Sasa nikueleze ile nyumba. Imejengwa kwenye kilima ambacho mtu yeyote mwenye akili angeielekeza ziwani, kwa sababu Tanganyika yote iko pale chini imelala. Bibi hakufanya hivyo. Mlango ulitazama mlima, madirisha yalitazama mlima, na ukuta wa upande wa ziwa ulikuwa mzima, udongo mtupu, hauna hata tundu la kupitisha jani. Wapita njia walimcheka. Walisema yule mama wa Kongo kajenga nyumba kwa usingizi.

Bibi alivuka akiwa msichana, usiku wa kukimbia, na aliowaacha ng'ambo hakuwapata tena. Na kule kilimani, mvua ikishanyesha, hewa ikawa safi, milima ya Kongo inatokea upande wa pili, ya buluu, karibu kabisa, unaona hadi mikunjo yake. Sisi tulikuwa tunazunguka nyuma ya nyumba kwa kunyata tukaitazame. Bibi hakwenda. Nilimuuliza mara moja tu, akaendelea kupepeta, kisha akasema, "Mwana wanje, mwanangu, ukiutazama sana mlango uliofungiwa, wa kwako utasahau kuufunga." Kila mwaka, masika yakiisha, ukuta ule unaopigwa na mvua za ziwani ndio uliokuwa unakandikwa upya. Bibi akande udongo, mama apake, sisi tusugue kwa viganja. Ukuta ambao hakuna anayeutazama ndio uliokuwa unatunzwa kuliko zote.

Halafu boti. Hapa nitasema wazi, maana nimechoka na wanaosema ilikuwa amri ya Mungu. Mungu hakupakia saruji. Aliyepakia saruji juu ya abiria ni mwenye boti, aliyekuwa anakaa karibu na soko la samaki, mtu mwenye meno ya dhahabu na salamu nyingi. Mama alikuwa anapeleka mawese mwalo wa kaskazini, ametuchukua mimi na wadogo zangu wawili kwa kuwa shule zimefungwa. Watu walilalamika pale pale ufukweni. Mzee mmoja alishuka na mbuzi wake. Mwenye boti akacheka, "Shuka, babu, ubaki na mbuzi wako muoane. Ziwa leo limelala." Yeye mwenyewe hakupanda. Upepo ulitukuta asubuhi kweupe, nchi kavu tunaiona, miti tunaiona. Mimi nilishika dumu la mawese. Mafuta yanaelea, unajua, na mimi nikaelea nayo. Mama alikuwa amewashika wadogo zangu, na mwenye kushika watoto wawili hana mkono wa kushika dumu.

Mwenye boti alinunua boti nyingine. Alikufa kitandani kwake, uzee, wanawe wamemzunguka. Niliuliza nani alimshika mkono wakati wa kukata roho, nikaambiwa wote. Na apumzike huko, lakini mimi sijasamehe.

Shule niliiacha darasa la nne. Hakuna aliyenifukuza, mikono ilikuwa imepungua tu. Tukabaki wawili na bibi. Mtambo uliozungushwa na watoto watatu ukawa unazungushwa na mimi, na bibi aliacha kuimba. Hatukulizungumza lile jambo. Masika yakaisha, akakanda udongo, akanipa nafasi ya mama, nikapaka. Nilikuwa mfupi, juu sikufika. Akaliviringisha lile jiwe la mlangoni, akaniwekea nipande.

Alipofariki nilikuwa Kasulu, nilikoolewa. Mtu wa pili ambaye sijamsamehe ni baba yangu mdogo, aliyezaliwa na bibi huyo huyo na kunyonya ziwa lile lile na baba yangu. Hakuwahi kuleta hata ndoo ya udongo. Aliiuza nyumba na michikichi hata arobaini haijafika, na nilipokuja nalia akaniambia, "Mwanamke nyumba yake ni kwa mumewe." Mume wakati huo alikuwa ameshaniacha, na yeye alikuwa anajua. Yuko hai, anakaa Katubuka. Tukikutana mimi humwamkia shikamoo, kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, na yeye huitikia marahaba akitazama viatu.

Basi nikaingia mle ndani baada ya miaka hiyo yote. Fundi wao si mbaya. Wameacha udongo, wamepaka kitu juu ung'ae, wameweka dari la matete na taa za vibuyu. Lakini ukuta wa bibi hawakuuacha. Wameubomoa wote, wameweka kioo kutoka chini mpaka juu, na ziwa limeingia ndani ya nyumba kama mgeni asiyebisha hodi. Kioo hicho ndicho kinachouza. Siku za kwanza nilikuwa nafagia nimekipa mgongo. Niliweka mkeka wangu chumba cha nyuma, tulichokuwa tunalala sisi watoto, na nilipika maharage yangu, nikala peke yangu, nikaosha sahani moja. Nilikuwa na furaha ya namna yake. Nilikuwa nyumbani.

Wanunuzi walikuja mchana mmoja, mama wa Dar na mumewe, wastaafu, watu wastaarabu. Mama yule alinishika mikono miwili. Alitaka kuifanya nyumba ya wageni, watalii wanaokuja kuona sokwe walale pale wale chakula cha asili. Nilimpikia mgebuka kwa mawese, akala hadi akalegeza mkanda. Mumewe akasimama kwenye kioo.

"Zamani hapa palikuwa na ukuta?" akamuuliza dalali.

"Ukuta mtupu, mzee wangu. Washamba. Wamekaa kwenye dhahabu wameifunika kwa udongo."

Wakacheka. Mimi nilikuwa nakusanya sahani. Ningenyamaza. Sharti nililijua na nyumba nilikuwa naitaka, naitaka kuliko nilivyowahi kumtaka mume. Lakini mdomo ulishafunguka.

"Hakuwa mshamba," nikasema. "Alikuwa bibi yangu."

Dalali akanitolea macho. Nikaendelea. Nikawaambia ng'ambo, nikawaambia milima, na mlango uliofungiwa. Nikawaambia na boti. Nilitegemea wainuke waondoke. Yule mama akaketi chini, akavua miwani.

"Maskini bibi," akasema. "Alikuwa analia, eti? Akikumbuka kwao?"

Na mimi nikasema, "Ndiyo. Kila jioni."

Bibi yangu hakulia. Wala jioni wala asubuhi, sijawahi kuona chozi lake, hata siku waliponileta peke yangu nimefungwa shuka. Lakini yule mama alikuwa ananisikiliza vizuri sana, na hakuna aliyenisikiliza hivyo tangu nizaliwe, nikaona nimpe.

Nyumba waliipenda maradufu. Dalali akanikonyeza, akaninong'oneza, "Mama mkubwa, kumbe wewe ndiye dalali!" Na yule mama akaniambia nisiende popote. Nitakaa pale pale, chumba changu kile kile, nitapika, na jioni wageni wakishakula nitawaeleza habari za bibi mbele ya kioo, kama nilivyowaeleza wao. "Hasa ile ya kulia," akasema. "Imenigusa."

Nilikuwa nimepata nililolifuata. Elewa hivyo. Nikaenda jikoni nikasimama. Nikawaza wageni wa leo, na wa kesho, na wa mwakani. Huyu atauliza kama bibi alikuwa na mchumba kule ng'ambo, nitampa mchumba. Yule atauliza kama mama alisema neno la mwisho, nitampa neno. Sijui kusoma sana lakini najijua. Baada ya muda wale watu wangu wangekuwa watu wengine, wazuri zaidi, wanaolia vizuri, na wenyewe wangekosa pa kukaa.

Nikatoka nikamwambia yule mama kwamba nashukuru, lakini siwezi. Akafikiri nataka kubembelezwa. "Kwa nini, dada yangu? Si kwenu hapa?"

"Ni kwetu," nikamjibu. "Ndiyo maana."

Dalali aliniteremsha kwa pikipiki, ananisema njia nzima. "Mtu anapewa nyumba yake mwenyewe aingie, anakataa! Nyie watu wa mlimani mna kitu kichwani." Alipofika kwangu hakuomba hata nauli, akaniachia mkeka wangu mlangoni, akasimama kidogo kama mtu anayetaka kusema jambo la heshima, halafu akawasha pikipiki.

Sasa niko hapa Rusimbi. Nauza, nafunga, nalala. Mawese tunanunua ya kwenye madumu, yaliyokamuliwa kwa mashine, na watoto wa siku hizi hawajui kichwa cha mgebuka kinaweza kuleta vita. Yote hayo mtu huzoea. Kuna kimoja tu ambacho sijakizoea. Zamani nilikuwa nikisimulia jambo, mdogo wangu anadakia, "Mwongo huyo, haikuwa hivyo!" na mama anasema, "Wote waongo, ilikuwa hivi," na bibi anaguna tu tunanyamaza. Leo nimekueleza haya yote tangu mwanzo, na hakuna hata mtu mmoja duniani aliyebaki wa kuniambia kwamba nimekosea.